Halloween Kampala Bila Takataka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kampala haina majira ya vuli. Ikweta inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, chini ya kilomita 80 kutoka mjini, na mwishoni mwa Oktoba tuko katikati ya mvua za pili za mwaka. Hilo halikuizuia Halloween kuja. Tarehe 31 Oktoba baa za Kololo na Bugolobi hujaa mizimu na wachawi, baadhi ya shule za kimataifa hupanga gwaride la watoto waliojipaka masizi, na kwenye nyumba za ghorofa wazazi hukubaliana ni mlango gani utagawa peremende. Wapo wachungaji wanaoikemea sikukuu hii, na wapo vijana wanaoingoja kuliko Krismasi. Mjadala huo nawaachia wenyewe. Sikukuu husafiri na watu. Hii ilitoka Ireland na Uskoti, wahamiaji wakaivusha bahari katika karne ya 19, na ilipofika Marekani ikachukua boga, zao la huko. Nasi tunaweza kuifanya kwa vya kwetu.

Ninachokikataa ni takataka zake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, uliokuwa ukipokea uchafu wa Kampala tangu 1996, uliporomoka na kufukia nyumba na watu waliokuwamo. Walikufa zaidi ya watu 30, watoto wakiwemo. Mlima ule haukurundikwa na watu wa Kiteezi. Ulitoka majumbani mwetu, maofisini mwetu na kwenye kumbi zetu za starehe, gunia kwa gunia, kwa miaka 28. Kwa hiyo nayaandika maagizo haya kwa ukali, na naomba yasomwe kabla hujatoa pochi.

Usinunue vazi jipya la plastiki

Hili ndilo la kwanza na halina msamaha. Yatazame yale mavazi yanayouzwa tayari, yamekunjwa ndani ya mfuko mwangavu: joho jeusi la poliesta, barakoa nyepesi ya fuvu, meno ya plastiki, kofia ya mchawi iliyopondeka njiani. Lishike joho kwa vidole. Halina pindo, ukingo wake umeachwa ulivyokatwa, na nyuzi zimeshaanza kuchomoza. Lastiki ya barakoa imebanwa kwa pini mbili ndogo, na pini hizo hung'oka mtoto anapoivua mara ya kwanza ili ale. Ni vazi la usiku mmoja, na bei yake imepangwa ili usione uchungu kulitupa.

Poliesta ni plastiki. Wengi hatulifikirii hilo kwa sababu inauzwa kama kitambaa. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Fairyland Trust na Hubbub, yalichunguza mavazi 324 ya Halloween yaliyokuwa yakiuzwa madukani huko, yakakuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Sasa jiulize ni nani Kampala atakayelipokea vazi hilo likishachanika. Waokota taka wetu wanafanya kazi kubwa kuliko shukrani wanazopewa, na wanajua bei ya kila kitu. Chupa ya maji inauzika. Jerikeni inauzika. Chuma kinauzika, boksi linauzika. Barakoa ya plastiki iliyogandishwa na sponji na nywele bandia haina mnunuzi. Wanaipita, inabaki mtaroni hadi mvua iisukume.

Nenda Owino, na uende mapema

Jiji lenye soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo sote tunaliita Owino, halina sababu hata moja ya kuagiza joho la mzimu kutoka ng'ambo. Nguo za dunia nzima zimeshafika pale. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku mivumba, yaani nguo za mitumba, akisema ni nguo za Wazungu waliokufa. Wafanyabiashara walipinga, na mivumba inauzwa hadi leo. Kuhusu viwanda vya ndani ana hoja ya kusikilizwa. Lakini kwa mtu anayetafuta vazi la sherehe jambo ni jepesi: nguo hiyo imeshavuka bahari, imeshatozwa ushuru, imeshabebwa kichwani hadi kwenye meza, na isipopata wa kuivaa itaishia kwenye taka zetu, si za waliokuwa nayo kwanza.

Nenda wiki mbili kabla, siku ya kazi, asubuhi. Ukienda tarehe 30 jioni utanunua kwa pupa, na pupa ndiyo mama wa takataka. Pita kwenye mashuka na mapazia kabla ya kufika kwenye magauni. Ukiwa na subira utakuta gauni la harusi lililogeuka rangi ya maziwa, joho la mahafali la chuo usichokijua, koti la suti lenye mabega mapana ya miaka ya themanini, sare ya muuguzi yenye kitambulisho kilichofutika. Mara nyingine robota hutoa hata mavazi ya Halloween yenyewe, yaliyovaliwa mara moja Marekani yakatupwa. Hayo yachukue bila wasiwasi. Tayari yapo, na kuyavaa tena ndiyo heshima pekee iliyobaki kwao.

Chagua pamba. Ukiifinya mkononi kwa muda pamba hukunjamana. Poliesta hurudi kama ilivyokuwa. Ukitaka uhakika, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye mshono na uuchome juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu. Usiwashe kiberiti sokoni. Owino imeshateketea zaidi ya mara moja, na wapo waliopoteza mtaji wa maisha yao yote kwa usiku mmoja.

Na kila unachokichukua, kiwe ni nguo utakayoivaa tena au utakayompa mtu aivae. Suti ya mabega mapana ni vazi la mzuka leo na ni koti la baridi la Kabale mwezi ujao. Bobby Kolade, mbunifu wa mitindo wa hapa Kampala, amejenga kazi yake juu ya wazo hilo. Tangu 2022, kupitia Buzigahill, anazifumua nguo za mivumba, anazishona upya na kuziuza kwenye nchi zilikotoka, chini ya jina Return to Sender. Ikiwa fulana zilizotupwa na Wazungu zinaweza kurudi kwao zikiwa mali, wewe huwezi kushindwa kugeuza pazia kuwa joho.

Usikate shuka

Mzimu wa shuka ndio vazi la kale na la bei nafuu kuliko yote, na watu bado wanafanikiwa kuliharibu kwa kutoboa matundu ya macho. Acha mkasi. Jifunike shuka kuanzia utosini, acha uso wazi, bana kidevuni na mabegani kwa pini, kisha paka uso poda na masizi. Kesho yake lifue na ulitandike kitandani.

Mpe fundi kazi, na mwambie apige bandi

Kiyembe imejaa mafundi, na hakuna mtaa wa Kampala usio na cherehani barazani. Mpelekee fundi nguo ya Owino badala ya kumpa duka la plastiki pesa hizo hizo. Lakini mweleze vizuri: unataka nguo ipunguzwe au ibadilishwe kwa bandi, mishono mirefu ya mkono ambayo inafumuka bila kuacha alama, na kitambaa kisikatwe. Kola ndefu ya kunyanyuka, mikono ya popo, mkia wa paka, vyote vinashikwa kwa bandi. Fundi atashangaa kidogo, halafu atafanya. Ukishamaliza unafumua mwenyewe kwa wembe, na gauni linarudi kuwa gauni.

Wala usimpe kazi tarehe 29. Fundi naye ana sare za shule na magauni ya harusi yanayomsubiri, na kazi ya haraka ndiyo inayokatwa ovyo.

Kodisha na uazime

Hapa nasema na wanaodai kwamba sherehe bila vitu vipya haiwezekani. Sherehe ngapi za kwanjula, za kutambulisha wachumba, umehudhuria mwaka huu? Gomesi za akina mama zilikodishwa. Kanzu za msafara wa bwana harusi zilikodishwa au kuazimwa kwa wajomba. Hema, viti, sahani, masufuria, spika, vyote vilikuja na lori na kuondoka na lori. Hakuna mgeni aliyeona aibu, na hakuna aliyeacha magunia kumi ya plastiki nyuma ya nyumba. Utaratibu huo tunao na tunaujua vizuri. Uhamishie kwenye Halloween: piga simu kwa yule yule anayekodisha vyombo vya kwanjula, na uwaulize jamaa waliomaliza chuo, wanaocheza ngoma, wanaofanya maigizo kanisani, wana nini kabatini. Mavazi ya malaika na wachungaji wa Krismasi yamelala bure mwezi Oktoba.

Unapoazima vazi, lirudishe likiwa limefuliwa. Anayerudisha joho lenye matapishi haazimwi tena, na mwakani atanunua plastiki.

Usiguse olubugo kwa mzaha

Kila mara hutokea mtu akaona kitambaa cha gome la mti, chekundu kama udongo, chenye mishono ya viraka, akaona kinafaa kwa maiti iliyofufuka. Usifanye hivyo. Olubugo hutolewa kwenye mti wa mutuba kwa mikono ya mafundi waliorithishwa kazi. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, shina hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome lenyewe hugongwa kwa nyundo za mbao hadi liwe jepesi na pana. Mti haufi, huota gome jingine. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Na Baganda huwazika wapendwa wao wakiwa wamefungwa humo. Mwenzako amemsitiri mama yake kwa olubugo. Wewe unaupasua uning'inie kama mbavu za mzuka, unamwagia rangi nyekundu, na saa nane za usiku unauacha chini ya meza.

Wabunifu wanaoshona makoti na magauni ya olubugo wanaupa maisha marefu, na mimi nawaunga mkono. Tofauti yao na wewe ni kwamba wao hawautupi.

Tumia mabaki ya mji

Nasser Road inachapisha usiku na mchana: kalenda, kadi za harusi, mabango ya wagombea. Kila mashine ya kukatia karatasi huacha vipande virefu vya rangi zote. Omba au nunua gunia la mabaki hayo kwa pesa ndogo. Loweka, saga, changanya na uji mwembamba wa wanga, ujenge barakoa juu ya bakuli lililogeuzwa na kupakwa mafuta. Iache ikauke siku tatu, kwa maana Oktoba hewa ina unyevu, kisha ipake rangi za maji. Barakoa hiyo ikichoka inaoza. Watoto wa shule ya msingi wanaiweza kazi hii kuliko wazazi wao, na wataitunza kwa sababu ni yao.

Anayetaka kuwa roboti au askari wa kale aende Katwe, ambako vyuma vya magari na mapipa ya zamani hugeuzwa kila siku majiko, masanduku na mageti. Mapambo ya bati ya ukumbini yaagize huko, yatadumu miaka. Anayedhani vitu vya taka haviwezi kupendeza akumbuke Ruganzu Bruno, msanii aliyejenga viwanja vya michezo ya watoto kwa chupa za plastiki hapa Kampala na kupewa tuzo ya TED ya City 2.0 mwaka 2012.

Tahadhari moja: usinunue soda za chupa ili upate chupa za kutengenezea pambo. Nimeona hilo likifanyika shuleni, watoto wakiambiwa kila mmoja alete chupa tano, na wazazi wakapitia dukani asubuhi kununua. Mabaki ni kile kilichokwisha kubaki.

Boga ni chakula

Nyanya zetu walipika boga juu ya matoke, limefunikwa ndagala, yaani majani ya mgomba, mvuke ukipenya hadi nyama yake ikawa tamu bila sukari. Majani yake, essunsa, ni mboga. Mbegu zake hukaangwa. Hakuna sehemu ya mmea huo ambayo mwanamke wa Uganda aliitupa bila sababu. Sasa tunaona maboga yanachongwa macho na meno, yanawekewa mshumaa, yanakaa barazani usiku kucha, na kwa joto la hapa siku ya pili yameshalegea na kuzungukwa na nzi. Mtoto anayeuza maboga kando ya barabara ya Gayaza anamwona tajiri akitupa chakula pipani. Hilo ni kosa, na si la mazingira peke yake.

Utaratibu ni huu. Lichore boga, usilichonge. Mkaa wa jikoni au chaki vinatosha kuchora uso wa kutisha kwenye ganda lake, na taa ndogo ya sola ikiwekwa nyuma yake kivuli kinapanda ukutani kikubwa kuliko mtu. Asubuhi unalifuta kwa kitambaa kibichi, unalipika zima.

Ukishikilia kuchonga, basi chonga jioni ile ile ya sherehe, si siku tatu kabla. Kata kifuniko kwa mshazari kisizame ndani. Kwa kijiko kikali kwangua nyama yote hadi ganda libaki na unene wa kidole, na nyama hiyo iende jikoni papo hapo: mchuzi wa karanga na boga utawalisha wageni waliokuja na njaa. Mbegu zioshe utelezi, zianike kwenye ungo, zikaange na chumvi. Ganda lililobaki liwe la mbuzi au nguruwe wa jirani kabla halijaingia ukungu. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda na mabaki ya vyakula, na kilichooza ndani ya mlima wa taka hutoa gesi inayoshika moto na kuulegeza mlima wenyewe. Kumpa mbuzi ganda la boga ni kazi ya dakika tano.

Usitundike, usipulize, usirushe

Utando bandia wa buibui: usitundike nje. Ndege hunasa miguu, na kaloli, wale korongo wakubwa wanaoishi kwa taka zetu, wana plastiki ya kutosha tumboni. Vumbi la kumetameta: usilinunue, ni plastiki iliyosagwa na haizoleki. Maputo, usirushe hata moja. Mapovu ya kopo, acha. Damu ya bandia pika mwenyewe kwa bitiruti, na usiipake kwenye vazi la kuazima.

Na jambo lisilohusu taka lakini sitaliacha: usimweke mtoto aliyevaa poliesta karibu na mshumaa, wala usipande boda boda ukiwa na joho linaloburuza. Poliesta ikishika moto huyeyuka ikagandamana na ngozi, na joho likiingia kwenye gurudumu la nyuma humvuta mtu chini barabarani.

Kwa wanaogawa peremende

Peremende moja ina karatasi moja, mtoto mmoja hurudi na 40, na jengo lina watoto 30. Karatasi hizo ni nyepesi, hazimhusu mwokota taka, na usiku wa Oktoba mvua huzibeba zote hadi mtaroni. Mitaro ya katikati ya mji huteremka hadi mfereji wa Nakivubo, Nakivubo huingia ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo mitambo ya Gaba huchota maji tunayokunywa. Kabla karatasi hazijafika huko huziba mitaro njiani. Machi 2025 mafuriko ya Kampala yaliua watu kwa asubuhi moja ya mvua.

Gawa vitu visivyo na karatasi. Kabalagala za moto, ndizi ndogo, vipande vya muwa, karanga za kukaanga zilizopimwa kwa kikombe na kumiminwa mfukoni mwa mtoto. Kwa majirani wanaoogopa chakula cha mikono ya watu wasiowajua, gawa penseli au tunda zima lenye ganda lake. Mtoto abebe kikapu au mfuko wa kitenge. Asibebe kaveera, mfuko wa plastiki. Serikali ilitangaza kuipiga marufuku kaveera nyembamba mwaka 2007, ikarudia 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikaitaja tena. Rwanda ilifanya tangu 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na wao walisimamia. Sisi bado tunaitumia kufungia nyanya mbili. Usingoje askari wa NEMA, mamlaka ya mazingira, akukute mlangoni. Mkatalie muuza duka mwenyewe.

Kwa wenye baa na kumbi

Nyinyi ndio wenye gunia kubwa, kwa hiyo nyinyi ndio wa kulaumiwa kwanza. Vikombe vya plastiki vya kutupa, mirija, sahani za povu na utepe wa mlangoni vinakwenda taka kabla ya alfajiri. Mnasema glasi zinavunjika. Glasi zinavunjika Jumamosi zote nyingine pia na hamjaacha kuzitumia. Tozeni amana ndogo kwa kila glasi na itarudi yenyewe. Chakula kipakueni kwenye sahani za kukodi au kwenye jani la mgomba, ambalo kila mama wa Kampala anajua kulibabua motoni kidogo lisipasuke. Mapambo yawekwe kwenye sanduku lenye jina na mwaka, na yatumike hadi yachakae. Kama mnatoa zawadi ya vazi bora, itolewe kwa vazi la mivumba au la kujitengenezea, na mlitangaze sharti hilo kwenye mwaliko. Wateja wenu watafuata zawadi, nawahakikishieni.

Kisha muulizeni anayewazolea taka anazipeleka wapi. Tangu Kiteezi ianguke swali hilo lina uzito wake, na anayepokea pesa yenu akishindwa kulijibu, tafuteni mwingine.

Usichome

Watu wengi husafisha uwanja tarehe 1 asubuhi, wanakusanya barakoa, sahani na utando bandia nyuma ya uzio na kupiga kiberiti. Moshi wa plastiki ni sumu, na hewa ya Kampala haina nafasi ya kuupokea. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinaonyesha vumbi laini linalozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Jirani yako mwenye pumu hakualikwa kwenye sherehe, asilazimishwe kuvuta moshi wake.

Usivae umaskini wa mtu

Vazi la mwokota taka, la kichaa wa mtaani, la mtoto wa Karamoja anayeomba njiani: hapana. Anayekuokotea chupa zako usiku huo yuko nje ya uzio, na anakuona.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba

Wakatoliki watakuwa njiani kwenda misa ya Watakatifu Wote. Wewe utaanza na kazi hii kabla ya chai. Tenganisha vitu mafungu manne: vya kurudisha kwa wenyewe, vya kufua na kutunza, vya kumpa mwokota taka mkononi vikiwa safi, na vya kuoza ambavyo vitaingia shimo la bustani au kwa mifugo. Chupa zimwage soda iliyobaki. Mwokota taka si mfanyakazi wako wa ndani. Mishumaa iliyobaki iyeyushe pamoja kwenye kopo, itafaa umeme ukikatika. Pini zihesabu zirudi kwenye kasha. Nguo za kuazima zifuliwe siku hiyo hiyo, kabla doa halijakomaa, na zipelekwe kwa wenyewe kabla ya wiki kuisha.

Kitakachobaki baada ya mafungu hayo manne ndicho kitakachobebwa na lori kwenda kumwagwa karibu na nyumba ya mtu mwingine. Mzazi, mwalimu, mwenye ukumbi: kabla ya kutuma mialiko ya mwaka huu, kaa na kalamu ukadirie hicho kitajaza magunia mangapi. Ukiona yanazidi moja, punguza mapambo, punguza wageni, ukadirie tena.